Mnafikia kwa Nani? Historia Fupi ya Familia Kwenda Kupumzika Shamba

Ukihesabu siku za juma kwa Kiswahili, wikendi haiko mwisho. Iko mwanzo. Jumamosi ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, tunakwenda hivyo mpaka Jumatano ambayo ni ya tano. Hapo lugha inashuka na kupanda gari la Kiarabu: Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kisha Ijumaa, siku ya kukusanyika. Juma moja, siku za tano mbili, na siku mbili ambazo leo tunaziita mwisho wa wiki ndizo zilizopewa namba za kwanza.

Naona si jambo la kuchekesha tu. Linatuambia kwamba waliozipa siku hizi majina hawakuwa na wazo la wikendi. Mapumziko yao yalikuwa Ijumaa. Mpaka leo watoto wa madrasa nyingi za pwani hupumzika Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi ndiyo hurudi na juzuu zao kwapani. Jumapili ya kupumzika ilikuja na misheni na serikali ya kikoloni. Jumamosi ya kupumzika ilichelewa zaidi, na ilitoka viwandani. Uingereza, sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ndiyo iliyolazimisha mashine za nguo zisimame saa 8 mchana siku ya Jumamosi kwa wanawake na vijana. Marekani, kampuni ya magari ya Ford ilianza wiki ya siku 5 mwaka 1926. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 bado inaruhusu siku 6 za kazi kwa wiki na saa 45, mradi mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Yaani kisheria mtu anadai siku moja tu. Ya pili ni bahati yake na mwajiri wake.

Nimeanza mbali, lakini kuna sababu. Sisi nyumbani tunapanga safari. Tupo wanne: mimi, mwenzangu, binti yetu wa miaka 10 na mdogo wake wa miaka 6. Tumepata wikendi ambayo Jumatatu yake ni sikukuu, tumemwomba mwalimu wa tuisheni ya Jumamosi atuachie watoto, na tumeamua kwenda Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 360. Tunataka watoto waone ukungu, wasikie baridi, watembee msituni, wale mapeasi. Kwa kifupi, tunataka kile kinachoitwa siku hizi "kutoka nje ya mji".

Nilipompigia mama yangu kumweleza, hakuuliza hoteli bei gani wala gari lipo au halipo. Mama ni mtu wa Muheza. Aliuliza swali moja tu: "Mnafikia kwa nani?"

Nikamwambia hatufikii kwa mtu, tunakwenda kupumzika. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Wasambaa ni ndugu zetu, mwanangu. Sisi sote ni Waseuta. Sasa unakwendaje nyumbani kwa watu kama unakwenda stendi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nilichonacho kuhusu milima hiyo, na kila ukurasa umenirudisha kwenye swali lile. Nimeona kwamba historia ya kwenda Usambara ni historia ya watu walioulizwa "mnafikia kwa nani", na majibu waliyotoa.

Shamba la nani?

Tuanze pwani, maana pwani ndiyo iliyotupa neno. Mtu wa Unguja anaposema anakwenda shamba, si lazima awe na jembe. Shamba ni kila kisicho mji. Na kutoka humo tumepata neno mshamba, ambalo si mkulima bali ni mtu asiyejua mambo. Tukitazama vizuri, tusi hilo lina anwani. Lilitoka kwa watu waliokaa mjini huku wakimiliki mashamba ambayo wengine waliyalima.

Familia za mwanzo tunazozijua vizuri katika eneo letu ambazo zilikuwa na desturi ya kutoka mjini kwenda shamba kupumzika, watoto na vyote, ni za ukoo wa kifalme wa Zanzibar. Seyyid Said alipanda mikarafuu, akajenga nyumba nje ya mji, na pale Kidichi mwaka 1850 akajenga hamamu kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Hamamu hiyo bado ipo, watalii wanaingia. Binti yake, Sayyida Salme, ambaye baada ya kuolewa na Mjerumani aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Humo utakuta maisha ya mashambani: hewa, matunda, nafasi ya kucheza. Ni kitabu cha mtu anayekumbuka utoto wake kwa hamu, na sehemu hizo zinasomeka vizuri.

Lakini msomaji wa leo hawezi kukwepa kuuliza nani alipika, nani alibeba maji ya hamamu, nani alichuma karafuu wakati watoto wa mfalme wakicheza. Walikuwa watumwa. Utumwa Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Jibu la kifasihi kwa Salme lilikuja miaka mingi baadaye, mwaka 1978, Adam Shafi alipotoa *Kasri ya Mwinyi Fuad*. Nyumba ni ile ile ya shamba, raha ni ile ile, ila safari hii tunamtazama pia Kijakazi, mtumishi ambaye maisha yake yote ni kuhakikisha bwana anapumzika. Nikimpa mtu vitabu hivi viwili kwa pamoja, simwambii kingine. Mapumziko ya shamba yalikuwa na watu wawili ndani yake siku zote, na mmoja wao hakuwa amepumzika.

Kuna kitabu cha tatu kinachofaa kukaa kwenye rafu hiyo: *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert. Utubora naye anatoka mjini kwenda shamba, lakini haendi kupumzika. Anaacha kazi yenye mshahara mzuri na kwenda kulima kwa mikono yake. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga aliyetumia miaka mingi katika kazi ya ukarani, aliijua ndoto ya mtu wa ofisi anayetazama dirishani. Ila kwake yeye, ukienda shamba unakwenda kuwa mtu wa pale.

Mgeni aliyekuja na nyama

Sasa tupande mlima. Kitabu cha kwanza cha kusoma kuhusu Usambara kimeandikwa kwa Kiswahili, na nashangaa kuona tunavyokisahau. Ni *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi karibu na watawala wa Usambara na akawahi kuwa liwali wa Tanga. Kilichapwa kwanza kwa sehemu na mashine ya wamisionari wa Magila, huko huko Muheza kwa mama yangu, kisha kikatolewa upya mwaka 1962 Nairobi, kikiwa kimehaririwa na J. W. T. Allen.

Simulizi lake kubwa ni la Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu. Alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na watu wa kwao wakamwona mkosi. Akafukuzwa. Akatangatanga na mbwa wake akiwinda nguruwe, mpaka akafika milimani kwa Wasambaa, ambao nguruwe walikuwa wakiwamaliza mashamba. Mbegha akaua nguruwe, akawapa watu nyama, na wao wakampa chakula cha shamba. Akaua simba usiku. Wakamfanya mfalme, na ukoo wake, Wakilindi, ukatawala kutoka Vugha.

Wanahistoria wanabishana juu ya kiasi gani cha hadithi hii ni tukio na kiasi gani ni maelezo ya utawala. Steven Feierman, aliyeandika vitabu viwili vizito kuhusu Usambara, ametuonyesha jinsi ya kuisoma. Kwa Wasambaa kulikuwa na dunia mbili: mlima wenye mvua na migomba, na nyika iliyo chini, kavu na ya hatari. Mbegha ni mtu wa nyika anayekuja mlimani. Anageuzwa kutoka mgeni kuwa mwenyeji kwa njia moja tu: anatoa kwanza, anapokea baadaye. Mfalme baada yake alikuwa na kazi ya kuleta mvua. Walikuwa na maneno ya kuponya nchi na ya kuiharibu, na mtawala alipimwa kwa hayo.

Nikisoma hapo namsikia mama. Mbegha aliulizwa "unafikia kwa nani" na akajibu kwa paja la nguruwe.

Waliofuata nao walijua adabu hiyo, hata kama hawakuipenda. Ludwig Krapf, mmisionari yule yule aliyeandika sarufi na kamusi za mwanzo za Kiswahili, alifika kwa Kimweri ye Nyumbai huko Vugha mwaka 1848, akarudi tena 1852. Hakukurupuka tu. Alikwenda kuomba ruhusa. Februari 1857 walikwenda Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakitokea Pangani na zawadi zao. Kimweri wakati huo alikuwa mzee na mgonjwa. Alitaka kujua kama Burton ana dawa ya kumrudishia nguvu. Burton, mwenye kalamu kali, ameandika habari hiyo kwa kejeli. Mimi naona pale mwenyeji anayemuuliza mgeni swali la haki kabisa: umepanda mpaka hapa, umetuletea nini kinachotufaa?

Kimweri alifariki mwaka 1862. Baada yake wanawe na wajukuu walipigana, bunduki na biashara ya watumwa vikaingia katikati, na mlima ukadhoofika. Ndipo walipokuja wageni ambao hawakuuliza.

Reli, mbu na kadi

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Haikwenda haraka. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mwaka huo huo wa 1893 mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyonusurika safari ilikuwa 62. Ukipita leo kati ya Segera na Korogwe, mistari ile ya mkonge inayokimbia mpaka macho yanachoka, ndiyo wajukuu wa miche hiyo. Hilo nimelipanga kuwa fumbo la kwanza kwa watoto garini: nani atakisia vyote hivi vilianza na vingapi?

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Baada ya hapo mlima haukuwa na mwenyeji wa kuulizwa. Kisha ikaja sayansi. Robert Koch, daktari mashuhuri wa Berlin, alipita Usambara mwaka 1898 akichunguza malaria na kutoa maoni kwamba nyanda za juu za Usambara Magharibi hazina ugonjwa huo. Kwa Mzungu wa Tanga au Dar es Salaam aliyekuwa akitetemeka kwa homa, hiyo ilikuwa habari ya kuokoa maisha. Mlima ukawa dawa. Mji wa Lushoto wakaupa jina la mfalme wao, Wilhelmstal, maafisa wakaja kupumua, walowezi wakaja kulima. Ukumbusho wa wakati ule bado unalika: karibu na Irente kuna shamba la kanisa linalouza jibini na mkate mweusi wa rai, na wageni wanaupenda sana.

Basi hapa ndipo inapoanza aina ya safari ninayoipanga mimi. Mtu anatoka mji wa joto, anapanda treni mpaka Mombo, anapandishwa mlimani, anakaa kwenye baraza, anavuta hewa, anarudi kazini. Hana ndugu pale, hana zawadi ya kutoa, hana ruhusa ya kuomba. Analipa tu.

Na nani alikuwa upande wa pili wa baraza? Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha utaratibu wa kadi. Kila mwanamume Msambaa mwenye nguvu alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa Mzungu ndani ya kila miezi 4, kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza kadi yake angeweza kupelekwa kwenye kazi za serikali. John Iliffe ameeleza habari hizi katika historia yake ya Tanganyika. Baadaye mashamba ya mkonge huko bondeni yakawa na kipande chao, nacho cha siku 30, kila siku ikitiwa alama.

Naomba usome tena namba hizo taratibu. Siku 30 katika miezi 4. Mtu mmoja anahesabu siku zake za kupumzika mlimani, mwingine anahesabu siku alizobakiza kwenye kadi, na wote wawili wako kwenye mteremko mmoja, asubuhi moja. Shamba la mwenye kadi linamngoja. Migomba haijui siku 30.

Waingereza walipochukua nchi walilirudisha jina la Lushoto. Shida ya ardhi haikurudi nyuma. Watu waliongezeka, mashamba yakapandishwa kwenye miteremko mikali, udongo ukashuka na mvua. Miaka ya 1950 serikali ilileta mpango wa kuhifadhi udongo uliolazimisha wakulima kutengeneza matuta milimani. Kazi ilikuwa ngumu, na kwa sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Watu waligoma, walibishana na machifu wao, na mgogoro wa matuta ukawa moja ya njia ambazo siasa ya uhuru ilipanda nazo mlimani. Feierman anaeleza kwamba wakulima hawakukataa kutunza ardhi. Walikuwa na lugha yao ya zamani ya kuponya nchi na kuiharibu, na waliitumia kuuliza: hawa wanaotuamuru, nchi wanaiponya au wanaiharibu?

Baada ya Uhuru: tupumzike au tusipumzike?

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, hoteli na nyumba za wikendi zilikuwepo, na swali likawa la kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mjadala mkali magazetini Dar es Salaam kuhusu utalii: je, nchi ya kijamaa ijenge hoteli, au hoteli zitatufanya taifa la watumishi? Issa Shivji alikusanya hoja hizo katika kitabu kilichotoka Tanzania Publishing House mwaka 1973. Vijana wa TANU hawakuwa na mchezo. Waliona mhudumu aliyevaa kanzu nyeupe akibeba trei, na wakamwona Kijakazi.

Ninavyouona mjadala ule leo, naona upande mmoja ulizungumzwa sana na mwingine kidogo. Uliwafikiria wageni wa nje. Haukuwaza sana familia ya karani wa Dar, ya mwalimu, ya fundi, ambayo nayo ingependa siku mbili za ukungu. Kwa wengi wetu shamba lilibaki ni kwa bibi: unakwenda Desemba na kilo za sukari, unalala mkekani na binamu saba, unarudi na mihogo. Huko huulizwi unafikia kwa nani kwa sababu jibu unalo kwenye jina lako la ukoo.

Sasa mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Lushoto wamejifunza kuongoza wageni msituni, vijiji vinapata chochote, na msitu wa Magamba ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Treni ya Dar kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20. Matangazo ya utalii wa ndani yanatuita kila siku. Hayo yote ni mema. Lakini yanatuita kama wateja. Nami nilipokuwa napanga, nilijikuta nikiuliza maswali ya mteja: maji ya moto yapo? Intaneti je? Chumba kinatazama wapi?

Binti yangu ndiye aliyenishtua. Alikuwa ameshika simu anatazama picha za Irente, pale mlima unapokatika ghafla na nyika kulala chini kama kilomita moja. Ni picha nzuri kweli. Akauliza, "Baba, huku kuna watu, au ni mandhari tu?"

Swali la mtoto, lakini ndilo lililoniwekea wazi ninachotaka kusema. Kadi ya mwaka 1907 iliwezekana kwa sababu kuna watu walitazama mlima wenye mashamba, makaburi, masoko na mabishano, wakaona hewa safi na mikono ya kufanya kazi. Hatuna kadi sasa. Macho yale lakini yanarithika kwa urahisi sana, na yanaingia hata kwa mtoto wa Kitanzania kupitia picha ya simu. Simlaumu. Najiuliza tu, wikendi hii itamfundisha kutazama kwa macho ya nani?

Basi, mpango wetu

Sitaki uondoke hapa ukidhani nimeacha safari. Tunakwenda. Historia ikikufanya ukae nyumbani umeisoma vibaya. Nimebadilisha tu mpangilio, na naueleza hapa kwa kuwa pengine na wewe una watoto na Jumatatu ya sikukuu.

Kwanza, njia. Tunaondoka Jumamosi saa 11 alfajiri. Segera ndipo barabara inapogawanyika, kulia Muheza na Tanga, kushoto Korogwe, Mombo na Moshi. Mwanzoni nilipanga kupinda kushoto moja kwa moja. Sasa tunapinda kulia kwanza. Tunalala Muheza kwa mama usiku wa Jumamosi, watoto wale machungwa ya kwao, na Jumapili asubuhi ndiyo tunapanda. Tunapoteza nusu siku ya ukungu. Tunapata kitu cha kwenda nacho, maana kupanda mlima kutokea kwa bibi ni safari tofauti na kupanda kutokea stendi.

Pili, mwenyeji. Mama amemtafuta mwenzake waliyesoma naye uuguzi zamani, amestaafu, anaishi upande wa Soni. Tutalala nyumba ya wageni, tutalipa kama watu wote, hilo halina ubaya na linampa mtu riziki. Ila chakula cha mchana cha Jumapili ni kwa yule mama. Watoto wameshajifunza kumsalimia kwa Kisambaa, "Onga maundo", ingawa nimewaonya kwamba hiyo ni ya asubuhi na tunaweza kuchelewa.

Tatu, hadithi. Watoto hawasikilizi hotuba, wa kwangu hawana hata dakika 3. Nimechagua mambo manne tu, kila moja na mahali pake. Kwenye mkonge, miche 62. Mombo, chini kabisa kabla kona hazijaanza, reli na mwaka wake. Pale barabara inapopanda, matuta, na wanawake waliokataa kuyalima kwa amri. Na Irente, tukiwa tumesimama na nyika yote iko chini yetu, Mbegha na mbwa wake, maana hapo mtoto anaona kwa macho yake mwenyewe mtu alitoka wapi na akapanda kuja wapi.

Ya kadi nilitaka kuiacha. Wa miaka 6 bado mdogo. Lakini wa miaka 10 anajua kuhesabu, kwa hiyo nimempa kazi. Nimekata karatasi ngumu, nimechora visanduku 30, na nimemwambia akapime: kila siku anayofanya kazi ya nyumbani kwa amri ya mtu mwingine, aweke alama. Ameanza wiki iliyopita na visanduku 6 vimejaa. Jana aliniuliza kama Jumapili inahesabiwa. Nikamwambia akawaulize wazee wa Soni kama babu zao waliwasimulia chochote juu ya kadi, yeye ndiye atakuwa mwandishi wetu. Ameshatenga daftari.

Sukari, majani ya chai na sabuni tumeshafunga. Masweta bado tunayatafuta. Dar hii, nani anajua alikoyaweka.